Nani Alishika Kipoyi

Naapa mbele ya Mungu na mbele ya watu wote wa mtaa wetu wa Rugenge, hapa Uvira: hadithi hii ni ya kweli kabisa, toka neno la kwanza mpaka la mwisho.

Msicheke. Najua mnasema nini. "Evariste tena! Si ndiye aliyesema samaki mmoja alimvuta na mtumbwi wake mpaka Usumbura, akamrudisha kabla ugali haujapoa?" Tuyaache mambo ya samaki. Leo naandika mambo ya watu.

Pudentienne ndiye aliyeniomba. Yeye ni mkunga msaidizi kwenye materniti, hospitali ya kujifungulia. Baada ya kazi anafundisha wanawake kwenye fuaye, ile nyumba ya mafunzo yao hapa mtaani.

"Mzee Evariste," aliniambia, "wanawake wangu wamemaliza kitabu cha herufi. Sasa wanataka kusoma habari za hapa kwetu. Utuandikie. Sentensi fupi. Na usidanganye."

"Mwanangu," nikajibu, "mtu akipata uongo mmoja tu humo ndani, nitabeba maji kichwani. Kutoka bombani, mpaka pipa la fuaye lijae. Mchana, watu wote wakiona."

Mwanamume kubeba maji kichwani! Basi mnaona jinsi ninavyoiamini hadithi yangu.

Mimi si mtu wa shule. Nilibeba mizigo bandarini Kalundu miaka ishirini na miwili. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye masanduku. SABUNI. CHUMVI. JUU. CHINI. Neno likinishinda, nilifungua sanduku kidogo, nione kuna nini ndani. Ndivyo nilivyolijua neno SUKARI.

Sasa sikilizeni.

Leo ni mwaka wa 1959. Mambo haya yalitokea mwaka wa 1956, wakati wa mvua nyingi. Nilikuwa bado kazini, mwaka wangu wa mwisho.

Binti yetu Florentine alikuwa ameolewa na Venant, kijana wa Sange. Walijenga karibu na sisi. Venant naye alibeba mizigo Kalundu. Alfajiri alikwenda bandarini. Florentine alikwenda shambani kwenye mihogo. Alirudi na kuni. Alichota maji. Alitwanga majani ya mihogo, sombe. Alipika. Siku moja ilifanana na nyingine.

Lakini nyuma ya nyumba yao, penye mgomba, kulikuwa na mafungu mawili madogo ya mawe. Florentine alikuwa amezaa mara mbili, hapo hapo nyumbani. Watoto wote wawili hawakulia hata mara moja. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Hakuna aliyesema kitu kwa sauti. Mke wangu Pélagie, kila alipopita karibu na yale mawe, aligeuza uso.

Wakati ule fuaye ilikuwa mpya. Zamani mwanamke alikutana wapi na wenzake? Mtoni, shambani, au kilioni. Alikuwa na mzigo, au alikuwa na machozi. Sasa wanawake walikutana wakiwa wameketi. Wavira, Wafuliiru, Warundi, Wabembe, wote kwenye benchi moja. Walishona. Walijifunza kuogesha mtoto. Walishika chaki na kuandika majina yao.

Wanaume waliuliza, "Wanasema nini mule ndani saa mbili nzima?" Hakuna aliyejua. Jambo hilo lilitutia hofu kuliko radi.

Siku moja mimi na Pélagie tulikula kwa Venant. Florentine alitoa karatasi ngumu ya rangi ya maji ya ziwa. Waliiita karte.

"Leo wamenipima," alisema.

"Wamekupima nini?" Venant aliuliza.

"Tumbo. Kwa utepe. Halafu nikapanda juu ya mizani. Halafu Pudentienne akaandika humu."

"Mizani!" Venant alicheka. "Bibi yangu amekuwa gunia la pamba!"

"Cheka tu. Na hii ni namba yangu. Nne na saba. Arobaini na saba. Nimeisoma minye mwenyewe, hapana mutu aliyenisomea."

Sote tuliiangalia ile namba. Pélagie aliigusa kwa kidole. Kisha tukaendelea kula.

Wiki moja baadaye mvua ilisimamisha kazi bandarini. Wabebaji tuliketi chini ya bati, kila mtu na ugali wake na ndagala wake, wale samaki wadogo wa ziwani. Hapo ndipo alipokuja mtu mmoja mrefu, mwenye kofia nyekundu. Alikuwa ametoka Baraka kwa mashua. Jina lake silijui. Mtu huyo alipenda kusikilizwa.

"Munajua mutumbula?" aliuliza.

Nani asiyejua? Habari za mutumbula zilizunguka ziwa lote. Walisema ni mtu anayekamata watu. Anawafungia, anawalisha mpaka wanenepe, na hawaonekani tena.

"Siku hizi mutumbula hakamati watu barabarani," yule mtu alisema. "Amepata akili. Anajenga nyumba nzuri. Anaweka benchi. Wanawake wanakuja wenyewe, kwa miguu yao. Anawapima. Anaona nani amenenepa. Anamupa namba."

"Weye umeona?" aliuliza Kizito, mbebaji mwenzetu.

"Kwa macho haya. Ndani ya meli, chini kabisa. Iko masanduku marefu, marefu kama mutu. Kila moja na namba yake. Moja limeandikwa arobaini na saba. Nikaweka sikio." Mvua ilipiga bati. "Ndani yake kulikuwa na mutu anapumua."

Hakuna aliyecheka. Mtu mwingine angecheka, lakini si mbebaji wa Kalundu. Mbebaji anajua. Gunia la pamba linapimwa. Linaandikwa namba. Linapakiwa. Halirudi. Miaka yote hatukuwahi kuona kitu kilichopimwa na kuandikwa namba kikabaki Uvira.

Venant alikuwa ameketi karibu na nguzo. Ugali ulimponyoka mkononi. Alisimama, akaenda nyumbani kwenye mvua, bila kuaga.

Alimkuta Florentine anachambua maharage.

"Ile karte iko wapi?"

"Ndani. Kwa nini umelowa hivyo?"

Venant aliichukua. Kusoma maneno hakujua, lakini namba alizijua, kama wabebaji wote. Nne. Saba.

"Hutakwenda tena fuaye. Na materniti pia hapana."

"Venant, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Hutakwenda tu."

Akaiingiza karte katikati ya majani ya paa, juu, mahali ambapo mkono wa Florentine haukufika.

Hofu ilitembea Rugenge kama moto kwenye majani makavu. Kwenye fuaye walikuwa wanawake arobaini. Kesho yake walikuja tisa. Wiki iliyofuata, watatu. Cherehani zilinyamaza. Meli ilipopiga honi Kalundu, akina mama waliwaita watoto wao ndani na kufunga milango, jua likiwa juu ya kichwa. Mwanamke mmoja aliichoma karte yake na kumwaga majivu ziwani.

Hata mimi niliogopa. Nilipotumwa kwenda chini ya meli, nilipita mbali na masanduku marefu. Mara moja nilisimama na kusikiliza. Moyo wangu ulipiga kwa nguvu, na sikujua kama ni moyo au ni mtu anayepumua.

Zikapita wiki tano. Miguu ya Florentine ilianza kuvimba. Kwanza viatu vilikataa. Kisha bangili ilikataa kutoka mkononi. Uso wake ukawa mviringo. Majirani walisema, "Amenenepa vizuri, mtoto ni mkubwa." Venant alisikia neno hilo, "amenenepa", akazidi kuogopa. Aliacha kwenda kazini. Alikaa mlangoni na panga magotini, anamlinda mke wake.

Kumbe kitu cha kuogopa kilikuwa tayari ndani ya nyumba.

Siku ya Alhamisi, asubuhi, Florentine alisema kichwa kinampasuka. Alikaa chini karibu na jiko. "Mama," alimwambia Pélagie, "naona ndagala. Wanang'aa mbele ya macho yangu. Wengi sana. Wanacheza."

Hapakuwa na ndagala. Palikuwa na moshi tu.

Pélagie alimtuma jirani, Inamahoro, aende mbio kumwita Pudentienne. Inamahoro alikuwa mmoja wa wale watatu ambao hawakuacha fuaye. Walipofika, Venant alisimama mlangoni.

"Rudini," alisema.

"Shemeji, weka panga chini," Inamahoro alisema. "Unataka kumukata nani? Minye niliyekupikia siku ya harusi yako?"

Venant hakusogea. Pudentienne hakumsukuma. Alipiga magoti pale pale kizingitini, akaongea na Florentine akiwa nje.

"Dada, kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu jana."

"Nyoosha mguu wako huku."

Florentine aliunyoosha. Pudentienne alibonyeza kwa kidole gumba, akaondoa. Shimo lilibaki mguuni, kama la kidole kilichochomwa kwenye ugali. Halikurudi.

"Umeona, Venant? Huku si kunenepa. Haya ni maji. Mama mwenye mimba akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa sana, akiona vitu vinang'aa, damu yake inapiga kwa nguvu mno. Asipopata dawa upesi, mwili unashikwa na kifafa. Anaweza kufa. Mtoto naye anaweza kufa."

"Na mizani?" Venant alisema kwa sauti nyembamba. "Na utepe?"

"Mizani inatuonyesha mapema. Mama akiongezeka kilo nyingi kwa siku chache, tunajua ni maji, kabla hajavimba. Utepe unatuonyesha kama mtoto anakua. Angekuja kila wiki mbili, tungeona. Hizi wiki tano hatukuona kitu. Tulikuwa kama vipofu."

"Minye nimebeba mizigo miaka sita," Venant alisema. "Najua kitu kinachopimwa kinakwenda wapi. Iko sanduku namba arobaini na saba. Limeonekana."

"Nani aliliona?"

"Mutu wa Baraka."

Pudentienne alitutazama mmoja mmoja. Mimi nilikohoa, maana moshi ulikuwa mwingi.

Ndipo Florentine aliposhika ukuta na kusimama. Hatukuzoea kumsikia akisema mbele ya wanaume. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Venant, weye unaogopa meli. Minye naogopa hapa. Wawili wamelala kule nyuma. Hakuna mutu aliyewapima. Hakuna aliyewapa namba. Mutumbula hakuwagusa. Na hawako."

Venant alitazama nyuma ya nyumba, penye mgomba. Panga lilianguka lenyewe.

"Tufanye nini?" aliuliza.

"Kipoyi," Pudentienne alisema. "Abebwe amelala, asitembee hata hatua moja. Tafuta wanaume wanne."

Venant alikimbia. Alikwenda kwa Kizito. Kizito alisema mgongo wake unauma. Alikwenda kwa wengine. Mmoja alijificha chooni. Mwingine alisema kupitia dirishani, "Ndugu yangu, minye sipeleki mutu kupakiwa." Wanaume waliozoea kubeba magunia ya kilo themanini walimwogopa mama mmoja mwenye mimba. Venant alirudi peke yake, analia.

Wakati huo Florentine alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wake unacheza upande mmoja.

Pélagie alivua kitambaa kichwani, akajifunga kiunoni.

"Leteni miti miwili na blanketi," alisema.

"Mama," Venant alisema, "wanawake hawabebi kipoyi."

"Nani amesema?"

Kweli, nani alisema? Tulifikiri wote. Hakuna aliyemkumbuka.

Walifunga blanketi kwenye miti miwili. Kipoyi kinataka watu wanne. Nyuma walishika Pélagie na Inamahoro. Mbele upande wa kulia alishika Pudentienne. Na mbele upande wa kushoto, nani alishika? Nilishika mimi, Evariste. Nilitema mate mikononi, nikasema, "Twende, wanangu!" Apollinarie, muuza ndagala, alikuwa amesimama kando tu.

Tulitoka. Njia ilikuwa matope. Watu walitoka nje ya nyumba zao, wakatuona, wakarudi ndani. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, pa, pa, pa. Mzee mmoja alipiga kelele, "Munamupeleka kwenye sanduku!" Venant alikuja nyuma, amebeba furushi la vitambaa vya mtoto kichwani, na hakujali nani anamwona.

Mto ulikuwa umejaa maji mekundu kutoka mlimani. Yalifika kiunoni. Tuliinua miti juu ya mabega. Katikati ya mto, mwili wa Florentine ulikazana kama ubao. Macho yake yaligeuka. Kipoyi kizima kilitikisika.

"Musisimame!" Pudentienne alisema. "Mugeuzeni ubavu, na tuendelee! Tukisimama hapa tunamupoteza!"

Pélagie alikuwa anaomba kwa sauti. Hakuomba kwa maneno ya kanisani. Alikuwa anasema tu, "Bado, bado, bado, bado."

Tulivuka.

Kwenye lango la materniti karani aliuliza, "Bwana wake iko wapi? Na karte?"

Karte ilikuwa imebaki kwenye majani ya paa. Venant alifunika uso kwa mikono. Lakini Pélagie aliikumbuka ile namba aliyoigusa kwa kidole.

"Arobaini na saba," alisema.

Karani aliingia ndani, akavuta droo. Kumbe walikuwa na karte nyingine, ndugu wa ile ya nyumbani, imeandikwa yote. Hizi ni kilo zake. Hiki ni kipimo cha tumbo. Hapa aliacha kuja. Huko nyuma, watoto wawili wamekufa. Masere, mtawa mkubwa wa materniti, aliisoma mara moja tu, akaita daktari. Hakuna aliyepoteza wakati kuuliza maswali.

Walimchoma sindano. Walimlaza kwenye chumba kilichofungwa mapazia, bila kelele. Venant aliliona lile giza, akashika nguo yangu. "Baba mukwe," alisema, "ndivyo alivyosema. Wanawafungia mahali pa giza."

Pudentienne alimsikia. "Mwanga na kelele vinaweza kurudisha kifafa," alisema. "Ndiyo maana. Njoo uangalie mwenyewe. Simama hapa mlangoni. Hakuna anayekuficha kitu."

Akasimama pale mlangoni siku nzima.

Mtoto alizaliwa. Msichana. Alikuwa mdogo, ana mikunjo, na kwanza hakulia. Pélagie alishika ukuta. Pudentienne alimsafisha mtoto mdomo, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akamsugua tena.

Akalia. Alilia kama meli ya Kalundu.

Masere alimweka kwenye mizani. Venant alisogea. Aliitazama ile sindano ya mizani inavyotetemeka na kusimama.

"Kilo mbili," Pudentienne alisema. "Ni mdogo. Lakini sasa tunajua alipoanzia. Wiki ijayo mtaona wenyewe kama ameongezeka. Namba si ya kumpoteza mtu, Venant. Ni ya kumpata."

Venant alisema, "Mumupe na yeye namba yake."

Mtoto aliitwa Pélagie, kama nyanya yake.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika Rugenge. Wanawake walirudi fuaye, na walizidi wale wa kwanza. Walitengeneza kipoyi chao, cha turubai, kikawekwa nyuma ya mlango. Kila mama mwenye mimba, majina ya wanawake wanne yaliandikwa ukutani kwa ajili yake. Siku ikifika, hao wanne wanabeba. Hawangojei mwanamume aamue kama ana hofu au hana. Walikwenda kwa mkuu wa mtaa, thelathini kwa pamoja, wakasema: mama akiumwa na bwana wake hayupo, asiulizwe ruhusa ya bwana. Mkuu wa mtaa aliwaona wale thelathini. Akakubali kabla hawajaketi.

Na wale waliojifunza kusoma waliamua kwamba habari ya kutisha ikija, wataulizana kwanza: nani aliona, wapi, siku gani?

Hapa hadithi ilikuwa iishe. Nilikuwa nimeandika "Mwisho" na kuchora ua.

Jumanne iliyopita Pudentienne aliniita fuaye nisikie wanawake wakisoma hadithi hii. Nilivaa koti. Florentine alisoma kwanza, kidole chini ya maneno, sauti safi. Kisha Inamahoro. Walicheka mahali pa kucheka. Nilifurahi sana.

Apollinarie alikuwa mwisho wa benchi. Yeye ndiye mwanafunzi mpya kuliko wote, na huwa hasemi. Wenzake walisonga mbele. Yeye alibaki kwenye ukurasa ule ule. Kidole chake kilikwenda, kikarudi, kikaenda tena. Midomo yake ilicheza.

"Apollinarie," Pudentienne alisema, "umekwama wapi?"

"Natafuta jina langu."

"Liko hapo. Ona. Apollinarie, muuza ndagala."

"Hilo nimeliona. Linasema nimesimama kando." Aliinua macho. "Minye sikusimama kando. Mbele kushoto nilishika minye. Bega langu lilichubuka. Alama iko hapa."

Akafungua kidogo libaya, blauzi yake, begani. Alama ilikuwepo.

Nilitazama mlango. Ulikuwa mbali.

"Labda tulishika wote wawili," nilisema.

"Mume wangu," Pélagie alisema kwa upole, na upole wake ninauogopa, "weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nyuma kidogo."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya migomba."

Wanawake walipiga makofi ya kushangaa. Inamahoro alisema, "Ee Mungu! Kumbe ule mugomba wenye miguu uliokuwa unatetemeka ni Baba Florentine!" Walicheka mpaka benchi ikalia. Mimi pia nilicheka. Nilifikiri yamekwisha.

Pélagie hakucheka.

"Na mutu wa Baraka?" aliuliza. "Mwenye kofia nyekundu?"

"Alirudi kwao."

"Kofia aliiacha. Iko kwenye musumari, nyumba yangu. Naipangusa vumbi kila Jumamosi."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Florentine aliweka karatasi magotini. Alinigeukia.

"Baba," alisema, "ni weye?"

Nilikuwa na majibu matano tayari. Mtu kama mimi hakosi majibu. Lakini yote niliyaacha.

"Ni minye," nilisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Watu walichoka. Nilitaka wanisikilize. Nilianza kidogo tu. Macho yao yakawa makubwa, nikaongeza. Namba ilikuja yenyewe mdomoni. Sikukumbuka kwamba niliiona kwenye karte yako. Nilipokumbuka, Venant alikuwa ameshakimbia."

"Wiki tano," Florentine alisema. "Ulituona wiki tano."

"Niliona aibu. Halafu nikaanza kuogopa kwamba labda ni kweli."

"Venant alisema tu ni mutu wa Baraka, hakusema hata siku moja kwamba ni weye."

"Mukwe hawezi kumwambia baba mukwe kwamba amedanganya," Pélagie alisema. "Alikuamini kwa sababu ya heshima. Na kwa sababu ya heshima alinyamaza."

Nilitaka kuichana hadithi. Pudentienne alizuia mkono wangu. "Usifute kitu, Mzee. Acha uongo mahali pake. Nyuma yake andika kweli. Wasomaji waone vyote viwili, wajifunze kuvitofautisha." Ndiyo maana mmesoma hivi mlivyosoma.

Basi andikeni moyoni: mbele kushoto alishika Apollinarie, muuza ndagala, mke wa Sévère. Yeye ndiye aliyevuka mto na kipoyi; mimi nilifuata baadaye, peke yangu.

Florentine alisimama, akaenda kwenye kona. Nilifikiri anatoka kwa hasira. Alirudi na ndoo. Alichukua kitambaa, akakizungusha, akakifunga kuwa ngata, akainama na kuniwekea kichwani, kama anavyomwekea mtoto wake.

"Shingo iwe imenyooka, Baba," alisema. "Ukiinama, maji yanamwagika."

Ndoo ya kwanza ilinimwagikia yote. Ya pili, nusu. Ya tatu nilipita nayo njia kuu, saa sita, watu wamejaa. Kizito na wabebaji wenzake walikuwa wamekaa chini ya bati lao, wanakula.

"Evariste!" Kizito alipiga kelele. "Umekuwa mwanamuke?"

Zamani ningetafuta uongo mzuri. Nilisimama, shingo imenyooka, maji yakinitiririka mgongoni.

"Bado," nilimwambia. "Ningekuwa mwanamuke, siku ile ningeshika kipoyi."

Nikaendelea na njia. Pipa la fuaye lilikuwa bado tupu.